Hofu ya Mbwa na Mkasi wa Kucha

Pwani ya Kilwa ni nchi ya matumbawe. Kwa mawe hayo wenyeji wa kale wa Kilwa Kisiwani walijenga Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa, ambayo magofu yake yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mtu atembeaye pekupeku juu ya mwamba wa matumbawe wakati maji yamekupwa huelewa mara moja kwa nini wavuvi huvaa makubazi: jiwe hilo hukwaruza kama tupa. Lakini lenye kumwudhi binadamu humfaa mbwa. Mbwa azururaye kutwa juu ya mawe ya namna hiyo husagwa kucha zake kidogo kidogo, wala hana haja ya kinyozi.

Tumchukue sasa mbwa wa namna nyingine. Ni wa mfano tu, nasi tumpe jina la Simba, kwa kuwa mbwa wa walinzi aghalabu huitwa kwa majina ya wanyama wakali kuliko wao. Tuseme Simba alivushwa kwa mashua kutoka Kilwa Masoko angali mtoto, akafungwa kamba chini ya mwembe, penye mchanga laini, alinde mbuzi na kuku. Mchanga hausagi kucha. Baada ya muda kucha zake zilirefuka hata akawa anatembea kwa kuinua vidole, na ule ukucha wa pembeni wa mguu wa mbele, ambao haugusi chini kamwe, ukajikunja mfano wa ndoana kuielekea nyama. Mwenyewe, kwa nia njema, aliwaita vijana wawili wamlaze mbwa chini na kumkandamiza. Kisha akashika mkasi, akakata. Akakata mno. Damu ikatoka, mbwa akalia na kujinyonganyonga, na kazi ikaachwa kucha tatu zikiwa zimekatwa na kumi na tano zikiwa bado.

Tangu siku hiyo Simba alipoona mkasi alijificha. Baada ya mwezi mmoja hakuhitaji tena kuona mkasi. Mkono wa mtu ukielekea mguuni pake ulitosha. Baada ya miezi sita alimwuma mtoto wa nyumbani aliyetaka kumwondolea mwiba.

Watu wengi watasema kwamba mbwa huyu ni mkali, au mkaidi, na dawa yake ni fimbo au kamba fupi zaidi. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba Simba si mkali wala si mkaidi. Amefunzwa somo, naye amelishika barabara kuliko wanafunzi wengi wanavyoshika masomo yao. Linalobaki ni kuuliza kama aweza kufunzwa somo jingine, na kwa njia gani.

Ukucha ni kitu gani

Kabla ya kuzungumzia hofu, yafaa tuujue ukucha wenyewe, maana nusu ya makosa hutokana na kutoujua. Ukucha wa binadamu ni bamba bapa lililolala juu ya kidole. Ukucha wa mbwa ni ala iliyouvika mfupa wa mwisho wa kidole. Tofauti na paka, mbwa hawezi kuuficha ukucha wake ndani. Hukanyaga nao daima. Ala hiyo imefanywa kwa keratini, yaani kitu kile kile kifanyacho nywele, pembe za ng'ombe na kwato za mbuzi. Haina mishipa ya fahamu, na kwa hiyo kuikata ncha hakuumizi hata chembe.

Ndani ya ala hiyo, lakini, mna kiini cha nyama hai, chenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Huko ndiko mkasi wa mwenye Simba ulikofika. Kwa mbwa mwenye kucha nyeupe kiini hicho huonekana kama kivuli chekundu ukiuelekeza ukucha kwenye mwanga wa jua. Kwa mwenye kucha nyeusi hakionekani, na fundi hana budi kukata vipande vyembamba sana, kama mtu aparazaye kucha za kiganja chake mwenyewe, huku akitazama uso wa mahali alipokata. Mwanzoni uso huo ni mkavu na wa rangi ya chaki. Ukianza kuonyesha doa jeusi lenye unyevu katikati, mkasi usimame hapo hapo. Damu ikitoka kwa bahati mbaya, bana ukucha kwa kitambaa safi chenye unga kidogo wa ngano au wanga wa mahindi, ukishikilia kwa dakika chache. Mbwa hafi kwa jeraha hilo. Hudhurika kwa kumbukumbu yake.

Tena ukucha ulioachwa urefuke, kiini chake nacho hurefuka pamoja nao. Kwa hiyo hauwezi kurudishwa katika urefu wake wa haki kwa siku moja, hata mbwa akiwa mpole kama kondoo. Hukatwa ncha kidogo, kiini kikaachwa kirudi nyuma, kisha hukatwa tena baada ya juma moja au mawili. Msomaji ataona kwamba hata kabla hatujafika kwenye hofu, umbile la ukucha lenyewe linadai subira.

Mate ya mbwa wa Pavlov

Mwanasayansi wa Kirusi Ivan Pavlov, aliyezaliwa mwaka 1849, hakuanza kwa kutafuta elimu ya hofu. Alikuwa akichunguza jinsi chakula kinavyosagwa tumboni, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Ili aweze kupima mate, alifanya upasuaji mdogo ambao uliyatoa mate ya mbwa nje ya shavu, yakatiririka katika chombo cha kupimia. Jambo lililomsumbua ni kwamba mate yalianza kutoka kabla chakula hakijafika kinywani: mbwa alipoona bakuli, au alipomwona tu mtumishi aletaye bakuli. Mtu mwingine angeliudhika na kubadili chombo. Pavlov alitambua kwamba udhia huo ni muhimu kuliko uchunguzi aliokuwa nao, akautumikia maisha yake yote yaliyobaki.

Akaona kwamba kitu chochote kisicho na maana kwa mbwa, kama vile mwanga wa taa au mapigo ya metronomu (chombo kipigacho kwa kipimo kama saa), kikitangulia chakula mara kadhaa, mwisho hutoa mate chenyewe. Neno la kuangalia hapa ni *kikitangulia*. Ishara huja kwanza, chakula hufuata. Ukigeuza mpangilio huo, chakula kwanza na ishara baadaye, mbwa hajifunzi, au hujifunza kwa udhaifu mno. Walimu wa elimu-viumbe hulitaja jambo hili kwa haraka, lakini ndilo lenye kuwaangusha watu wengi wenye mbwa, kama tutakavyoona.

Mwaka 1924, tarehe 23 Septemba, mto Neva ulifurika katika mji wa Leningrad. Maji yaliingia katika maabara ya Pavlov, yakapanda hadi kwenye vizimba vya mbwa, na wanyama hao ikabidi waokolewe kwa kuogeleshwa katikati ya dhoruba. Hawakufa. Lakini baadhi yao walisahau kabisa yale waliyofunzwa kwa miezi mingi. Mmoja alirudishiwa mafunzo yake polepole, akapata nafuu. Kisha wachunguzi wakaacha maji kidogo yapite chini ya mlango wa chumba chake. Yalikuwa maji ya kulowesha sakafu tu, wala si ya kumzamisha panya. Mbwa akashikwa na hofu upya, na mafunzo yake yakavurugika tena.

Watu wa visiwani hawatashangaa kusikia kwamba aliyenusurika na chombo kuzama huyatazama maji kwa jicho jingine. Lakini tazama tofauti iliyopo: mate yalifunzwa kwa kurudiarudia siku nyingi, hofu ilifunzwa kwa siku moja. Maumbile yana sababu ya kufanya hivyo. Mnyama asahauye mahali pa chakula atalala njaa leo na kula kesho. Asahauye mahali pa chui hana kesho. Simba alihitaji mkasi mmoja tu.

Mwili wa mnyama mwenye hofu hubadilika mara moja. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala hutoa habari ya hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu, moyo huenda mbio, damu hupelekwa kwenye misuli ya kukimbilia. Kazi isiyo ya lazima kwa wakati huo husimamishwa, na kusaga chakula ni mojawapo. Kila mwanafunzi aliyewahi kusimama mbele ya darasa zima anajua jinsi kinywa kinavyokauka. Kwa mbwa hali ni hiyo hiyo: akiwa na hofu kubwa hawezi kula, hata akiwekewa kipande cha nyama puani. Hii ina maana kwamba bwana mifugo asiye na maabara anacho kipimo cha hofu mkononi, nacho ni dagaa mmoja. Mbwa akimtwaa dagaa kwa utulivu, hofu ni ndogo. Akimnyakua kwa pupa na kutazama pembeni, hofu inapanda. Akimkataa, umekwisha kupita mpaka, na somo la siku hiyo limeharibika.

Mtoto na sungura

Mwaka huo huo wa 1924 mwanasaikolojia wa Kimarekani, Bibi Mary Cover Jones, alitangaza habari ya mtoto mmoja aliyeitwa Peter, wa umri usiotimia miaka mitatu, aliyeogopa sungura. Bibi Jones hakumlazimisha mtoto amshike sungura. Alimkalisha Peter kwenye kiti akampa chakula akipendacho, na sungura akaletwa ndani ya kizimba cha waya, akawekwa mbali kiasi kwamba mtoto aliendelea kula. Siku baada ya siku kizimba kilisogezwa. Mwisho Peter alimpapasa sungura kwa mkono mmoja huku akila kwa mkono mwingine.

Miaka ishirini na zaidi baadaye, daktari Joseph Wolpe, mzaliwa wa Afrika ya Kusini aliyefanya majaribio yake Johannesburg, aliwachukua paka waliokuwa na hofu kubwa iliyofunzwa, akawalisha kwanza katika chumba kisichofanana kabisa na kile walichotishwa, kisha katika chumba kinachofanana kidogo, na hivyo hivyo hadi wakaweza kula pale pale penye hofu. Kutokana na kazi hiyo aliandika kitabu mwaka 1958, na njia yake ikawa msingi wa kuwatibu watu wenye hofu za kupita kiasi. Kanuni yake yaweza kuelezwa kwa maneno machache: hofu na raha ya kula hazikai pamoja katika mwili mmoja kwa wakati mmoja. Iliyo kubwa huifukuza iliyo ndogo. Basi kazi ya mtibabu ni kuhakikisha kwamba hofu ndiyo iliyo ndogo, kila siku, bila kukosa.

Kumrudia Simba

Mwenye Simba aanze wapi? Kwanza asianze na mguu wenye maumivu. Kama ukucha wa pembeni umekwisha kuchoma nyama, hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo, ambaye aweza kumpa mbwa dawa ya usingizi na kuuondoa. Huwezi kumfundisha mnyama kwamba kuguswa mguu ni jambo jema ikiwa kila aguswapo anaumia kweli.

Kidonda kikipona, kamba ifunguliwe na ua ufungwe. Mbwa awe na nafasi ya kuondoka. Jambo hili huwashangaza watu, kwa maana wanasema, akiondoka nitamkataje? Lakini mbwa aliyefungwa hawezi kukuambia kwamba umekwenda mbio, ila kwa meno. Mbwa aliye huru hukuambia kwa miguu yake, mapema, bila kumdhuru mtu.

Siku za kwanza mkasi uwekwe chini, hatua kumi kutoka alipo mbwa. Autazame, kisha apewe dagaa. Si dagaa kwanza halafu mkasi! Hapa ndipo mafunzo ya Pavlov yanapohitajika. Mtu atoaye dagaa ili kumvuta mbwa, kisha akatoa mkasi mfukoni, anamfundisha kwamba dagaa ni mjumbe wa mkasi. Baada ya siku chache mbwa atamkimbia dagaa. Mkasi ukitangulia na dagaa akafuata, mkasi ndio unaokuwa mjumbe wa dagaa. Vitu ni vile vile viwili, na mafunzo ni kinyume kabisa.

Mkasi usogezwe hatua moja kwa siku, au nusu hatua. Kando ya hilo, kwa wakati wake mbali, mkono nao upewe mafunzo yake: uguse bega, kisha dagaa, kiwiko, kisha dagaa, kifundo, kidole, ukucha. Kila mguso uwe wa sekunde moja mwanzoni. Sauti ya mkasi nayo huogopesha. Chukua chelewa kavu ya ufagio, uikate mbali na mbwa: mlio wake wafanana sana na wa ukucha ukatwao. Chelewa moja, dagaa mmoja. Ni pale tu mambo haya matatu, yaani mkasi, mkono na mlio, yanapokuwa hayamsumbui kila moja peke yake, ndipo yanapounganishwa, na hapo yafaa kurudi nyuma kidogo, kwa kuwa vitu vidogo vitatu vikijumlishwa huwa kitu kikubwa.

Somo lisizidi dakika mbili au tatu, asubuhi na jioni. Huko nyuma tumehesabu kucha kumi na nane: tano kwa kila mguu wa mbele na nne kwa kila mguu wa nyuma, ingawa baadhi ya mbwa huwa na zaidi. Ukikata ukucha mmoja kwa siku, katika siku kumi na nane umezimaliza zote, na ukucha wa kwanza umekwisha kuwa tayari kupunguzwa tena. Hakuna sheria isemayo kwamba kucha zote zikatwe siku moja. Sheria hiyo imetungwa na haraka ya watu.

Jifunze pia lugha ya mnyama. Kabla ya kuuma, mbwa hutoa taarifa nyingi: hulamba midomo hali hakuna chakula, hupiga miayo hali hana usingizi, hugeuza uso, huonyesha weupe wa jicho, hulaza masikio, huficha mkia, huganda kama mti. Kisha hunguruma. Kumpiga mbwa kwa sababu amenguruma ni sawa na kuvunja king'ora cha zimamoto kwa kuwa kinapiga kelele. Moto hauzimiki, ila safari ijayo utakuja bila taarifa. Na yule mbwa aliyeganda kabisa chini ya mikono ya vijana wawili, ambaye watu husema amekubali, mara nyingi hakukubali lolote. Amekata tamaa, na amejifunza hofu ya leo juu ya ile ya jana.

Yapo mambo mawili ya kwetu ambayo vitabu vya kigeni haviyagusi. La kwanza ni la dini. Wakazi wengi wa Kilwa, kama wa pwani yote, ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na katika madhehebu hayo mbwa ni najisi. Kilichoguswa na mate yake huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini sheria hiyo hiyo inaruhusu kufuga mbwa wa kuwindia, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba, na inafundisha kwamba kikavu hakinajisi kikavu. Basi mfugaji aguse mbwa mkavu kwa mkono mkavu, atenge kitambaa na mkasi kwa kazi hiyo tu, na dagaa asimtoe kwa vidole bali kwa upawa mkuukuu wenye mpini mrefu. Upawa huo una faida ya pili: unaweka meno ya mbwa mwenye mashaka mbali na mkono wa mtu. Nimeona vyombo vya bei kubwa vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo visivyoushinda.

La pili ni sauti. Mafundi wa siku hizi hutumia kidude cha bati kitoacho mlio mfupi, ili mnyama ajue ni tendo gani hasa lililompatia chakula. Mfano mzuri uko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako tangu mwaka 2000 shirika la APOPO limekuwa likiwafunza panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi. Panya hao huzoeshwa mikono ya watu tangu wangali wachanga, kisha hufunzwa kwamba mlio huo maana yake ni chakula. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Kiingereza la PDSA mwaka 2020. Mfugaji wa Kilwa hana haja ya kidude. Anacho kidoko. Apige kidoko mara mkono unapogusa ukucha, kisha dagaa afuate. Ulimi hausahauliki nyumbani.

Kwa mbwa aliyeharibiwa sana na mkasi, iko njia isiyohitaji kumshika kabisa. Chukua ubao wa upana wa shubiri mbili na urefu wa mkono mzima, uugandishe msasa, uuegemeze, na umfunze mbwa kuukwaruza kwa miguu ya mbele. Jina la karatasi hiyo latokana na mti wa msasa, ambao majani yake hukwaruza, na mafundi wa kale waliyatumia kusugulia mbao. Mbwa akiparura ubao, kidoko na dagaa. Kwa njia hiyo anarudishiwa ule mwamba wa matumbawe alionyimwa na kamba. Ukucha wa pembeni tu ndio utakaobaki kwa mkasi, na miguu ya nyuma ni migumu kuifunza.

Mtu asidhani kwamba hofu iliyotibiwa imefutika. Pavlov mwenyewe aliona kwamba mwitikio uliozimwa hurudi baada ya mapumziko, hata bila sababu mpya. Somo jipya hulala juu ya somo la kale, haliling'oi. Kwa hiyo mazoezi machache yaendelee hata katika wiki zisizo na kucha za kukata.

Kwa nini tujisumbue

Huenda msomaji akauliza, je, nchi yenye kazi nyingi ijishughulishe na kucha za mbwa? Jibu liko katika sindano. Kichaa cha mbwa huua watu wanaokadiriwa kufika 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote katika Afrika na Asia, na dalili zikishaanza hakuna dawa. Huzuiwa kwa kuwachanja mbwa, angalau asilimia 70 ya walioko, na kurudia, kwa kuwa mbwa hufa na wengine huzaliwa. Kuanzia mwaka 2010 Serikali, pamoja na Shirika la Afya Duniani na kwa fedha za Wakfu wa Bill na Melinda Gates, iliendesha kampeni ya namna hiyo katika wilaya 28 za kusini-mashariki ya Tanzania, mkoa wa Lindi ukiwemo, na katika kisiwa cha Pemba.

Habari za Pemba zawahusu hasa watu wa Kilwa Kisiwani, kwa kuwa kisiwa ni kisiwa. Kufikia Mei 2014 ugonjwa ulikuwa umekomeshwa huko. Chanjo ikalegea. Mwishoni mwa mwaka 2016 virusi viliingia tena mara mbili kutoka nje, vikaenea, na chanjo ya kisiwa kizima iliporudishwa ndipo vilipokomeshwa tena, Oktoba 2018.

Sasa fikiri jinsi siku ya chanjo inavyokuwa. Mbwa huletwa na wenyewe mahali palipotangazwa, chini ya mti au penye shule, na waletao mara nyingi ni watoto. Mbwa ashikikaye hudungwa katika nusu dakika. Mbwa kama Simba huburutwa kwa kamba, huwatisha wenzake, humwuma mwanafunzi, au huachwa nyumbani chini ya mwembe, naye ndiye aliyekosa chanjo. Mafunzo ya mkono na dagaa tuliyoyaeleza ni yale yale: shika ngozi ya bega, bana kidogo, kidoko, dagaa. Mbwa aliyefunzwa hivyo kwa ajili ya kucha amekwisha funzwa nusu ya chanjo. Na yeyote aumwaye na mbwa asiyejulikana aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Zoezi kwa wanafunzi

Wanafunzi wa elimu-viumbe waweza kupima hofu bila kugusa kucha wala mkasi. Pateni ruhusa ya mwalimu na ya mwenye mbwa, na mbwa awe amechanjwa tena anafahamika kuwa mpole. Chagueni kitu kisichomdhuru lakini asichokipenda, kama ufagio. Kiwekeni chini, mwenye mbwa asimame kando ya mbwa wake na kumwekea dagaa kwenye kifuu kila anapokitazama kitu hicho. Pimeni kwa hatua umbali mfupi kabisa ambao bado anakula kwa utulivu, mwuandike kila siku kwa wiki tatu, kisha mchore mstari. Msitarajie mstari unyooke. Baada ya siku ya mvua ya radi, au siku mgeni alipofika, umbali utaongezeka. Huo nao uandikwe. Siku mbwa atakapokataa kuja, andikeni kwamba hakuja, na kazi ya siku hiyo iwe imekwisha.